DAS inapogoma: dalili, visababishi na tiba kwa faiba za Mtwara na Lindi

Mashine ya DAS (Distributed Acoustic Sensing, yaani kusikiliza mitetemo kwa faiba) hugeuza uzi wa faiba kuwa maelfu ya vipima mtetemo vilivyopangwa mstari mmoja. Intarogeta, yaani mashine yenyewe, hupiga pigo fupi la leza, na kila kipande cha uzi hurudisha mwanga kidogo sana. Uzi ukivutika au ukibanwa, fezi ya mwanga huo (hatua ya wimbi lake) hubadilika. Kwa leza ya nanomita 1,550 na geji (urefu wa uzi unaopimwa kama kipande kimoja) ya mita 10, badiliko la radiani moja maana yake mita hizo 10 zimerefuka kwa takriban sehemu moja ya kumi ya mikromita. Kwa usikivu wa namna hiyo, mashine itasikia lori la korosho barabarani, pampu ya maji ya jirani, feni yake yenyewe, na kila kosa lililofanyika wakati wa kufunga.

Malalamiko ninayopokea kutoka kwa mafundi, kuanzia Mikindani hadi Kilwa Masoko, ni yale yale, na mengi hayana uhusiano na ubovu wa mashine. Kwa hiyo utaratibu ninaousimamia ni huu: kagua kioo (uzi wa faiba na konekta zake), kisha ardhi, kisha umeme, na mipangilio ya programu iwe ya mwisho. Kichujio ulichowasha ili kuficha hitilafu kitaingia kwenye data, na atakayeichambua mwakani hatajua.

Tahadhari kabla ya yote. Leza ya nanomita 1,550 haionekani kwa macho. Usichungulie ncha ya faiba hata kama unaamini imezimwa, na usiweke darubini ya kawaida kwenye konekta kabla ya kuzima leza na kuhakikisha upande wa pili hakuna mashine nyingine inayorusha mwanga.

Dalili: hakuna ishara kabisa, au inakatika katikati ya njia

Kisababishi cha kwanza, tena kwa mbali, ni konekta chafu. Huku pwani hewa ina chumvi, na kiangazi vumbi laini linaingia hadi ndani ya kabati lililofungwa. Zima leza, chomoa konekta, itazame kwa darubini ya faiba yenye skrini. Katikati ya duara la kijivu utaona kiini, chenye upana wa takriban mikromita 9 tu. Punje ya vumbi usiyoweza kuiona kwa macho inatosha kukifunika. Safisha kwa kalamu ya kusafishia konekta, kavu, kisha tazama tena. Doa likibaki, tumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 kwenye kitambaa kisichoacha nyuzi, ufute kwa mkupuo mmoja, ukaushe, utazame tena. Spiriti ya duka la dawa yenye asilimia 70 ina maji mengi na huacha alama. Shati na tishu ya chooni visiguse konekta. Safisha pande zote mbili, kwa sababu upande mchafu utauchafua msafi papo hapo.

Hapo hapo angalia rangi. Konekta ya kijani imekatwa kwa mshazari wa nyuzi 8, ya bluu haina mshazari. Ukizilazimisha kukutana, mwanga mwingi unapotea, mwingine unarudi kwenye mashine, na nyuso zote mbili zinaweza kukwaruzika.

Kisababishi cha pili ni mkunjo. Pachikodi (waya mfupi wa faiba unaounganisha mashine na njia) imebanwa na mlango wa kabati, au mtu ameifunga kwa tai ya plastiki akaikaza. Mwanga wa nanomita 1,550 hutoroka kwenye kona kali, kwa hiyo usikunje kwa nusu kipenyo kilicho chini ya sentimita 3.

Cha tatu ni kukatika kwa njia yenyewe. Chomoa intarogeta, funga OTDR (kipimo kinachoonyesha mwanga unapotea wapi kwenye uzi), piga kwa nanomita 1,550, kisha linganisha na picha ya siku ya makabidhiano. Kama hukupewa picha hiyo, idai leo. Uzi mzima hupoteza takriban desibeli 0.2 kwa kilomita, na maungio mazuri ya kuchomelea hupoteza chini ya 0.1. Kumbuka mwanga wa DAS unakwenda na kurudi, hivyo maungio yanayopoteza nusu desibeli yanakugharimu desibeli nzima. Wakosaji wa kawaida wa njia ni greda la barabara, mtaro wa maji uliochimbwa bila kuuliza, moto wa kusafisha mashamba ya mikorosho pale waya unapopita kwenye nguzo, na panya. Baada ya mvua kubwa ongeza makalavati na kingo za madaraja. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika, na njia ya faiba inayofuata barabara haiwezi kuwa imara kuliko tuta lililoibeba.

Jambo moja nalisisitiza kwa sababu linafanyika kila mara: usitibu ishara hafifu kwa kuongeza nguvu ya leza. Ukizidisha kiwango, kioo chenyewe huanza kuvuruga mwanga, na kilomita za mwisho zinakuwa mbaya zaidi kuliko ulivyozikuta.

Acha hapa na umwite mchomeleaji mwenye idhini kama hitilafu iko ndani ya boksi la maungio. Uzi wako ni mmoja kati ya nyingi, na jirani zake huenda wanabeba simu za wilaya nzima.

Dalili: mstari mlalo unaokata chaneli zote kwa wakati mmoja

Kwenye picha ambayo umbali (chaneli, yaani kipande kimoja kimoja cha uzi) unakwenda kulia na muda unashuka chini, tukio la kweli huwa na mteremko au umbo la V, kwa kuwa wimbi la ardhini huchukua muda kusafiri. Kinachotokea kilomita ya 1 na ya 38 kwa sekunde ile ile hakikutokea ardhini. Kimetokea chumbani kwako.

Anza na yaliyo rahisi. Mwombe kila mtu atoke, zima kiyoyozi kwa dakika chache, kaa kimya, utazame. Mistari ikitoweka, leza ilikuwa inatikiswa. Weka mashine juu ya sakafu ya zege kwenye mpira mzito, si juu ya meza ya bati, wala kwenye rafu moja na seva yenye feni kubwa. Pachikodi isining'inie, ibandike.

Mistari ikibaki, tazama masafa yake. Jenereta ya mizunguko 1,500 kwa dakika huonekana kwenye 25 Hz na vizidishi vyake. Ukiona 50 Hz kwenye chaneli zote, shuku umeme na waya wa ardhini. Ukiiona 50 Hz sehemu moja tu ya njia, hiyo ni transfoma au pampu iliyo karibu na faiba, na DAS yako inafanya kazi vizuri. Umeme ukikatika na kurudi mara kwa mara, UPS iwe ya kweli inayolisha mashine muda wote kutoka kwenye betri. Zile zinazoruka kwenda kwenye betri pale tu umeme unapokatika huacha alama kwenye data.

Kutoa wastani wa kati wa chaneli zote kwenye kila sampuli kunaondoa mabaki, na hakuna ubaya, ila hifadhi data ghafi kwanza. Tetemeko la mbali lenye mawimbi marefu linaweza kufika kwenye njia fupi karibu kwa pamoja, na hesabu hiyo italifuta pamoja na kelele.

Dalili: lori linaonekana mahali ambapo hakuna barabara

Huu ni mzuka wa mapigo, na hesabu yake ni rahisi. Ndani ya uzi panatakiwa pigo moja tu kwa wakati. Mwanga huchukua takriban mikrosekunde 10 kwenda na kurudi kwa kila kilomita. Kwa kilomita 40 unaweza kupiga mapigo 2,000 kwa sekunde bila wasiwasi. Lakini kinachohesabika ni urefu wote wa uzi uliounganishwa, si kipande unachotazama. Uzi ukiendelea hadi kilomita 60, mapigo 2,000 ni mengi mno. Pigo la pili linaondoka wakati mwanga wa la kwanza unaorudi kutoka mbele ya kilomita 51 bado haujafika, na lori la kilomita 55 litajichora, hafifu, karibu na kilomita ya 4.

Kipimo chake: badilisha kasi ya mapigo kidogo. Tukio la kweli halihami. Mzuka unahama. Tiba ni kupunguza kasi, au kumwomba mwenye faiba akate uzi pale unapoishia kwa matumizi yako.

Mzuka wa aina nyingine, mng'ao mkali mwishoni mwa njia, husababishwa na ncha iliyokatwa wima. Ncha ya hivyo hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga, kiasi kikubwa mno kwa mashine iliyozoea chembe. Zungusha uzi mara kadhaa kwenye penseli karibu na ncha, au imalizie kwa konekta ya mshazari.

Dalili: umbali wa mashine haulingani na ardhi

Hapa ndipo data nyingi zinapoharibika bila mtu kujua, kwa sababu picha inaonekana nzuri. Mashine hupima urefu wa kioo. Wewe unatembea juu ya ardhi. Ndani ya kila chemba (shimo la kukagulia waya) kuna koili ya akiba, yaani waya wa ziada uliozungushwa, na chemba 10 zenye mita 20 kila moja zimeshakupeleka mita 200 mbele. Ndani ya waya wenyewe nyuzi ni ndefu kidogo kuliko ganda. Kisha kuna namba ya kioo (kiasi ambacho kioo hupunguza kasi ya mwanga) kwenye programu: mtu akiacha 1.45 badala ya 1.468, kwenye kilomita 40 kosa ni karibu nusu kilomita.

Sahihisha namba kwanza. Kisha toka ofisini ukagonge ardhi.

Kugonga kunafanyika hivi. Watu wawili, simu mbili, GPS ya mkononi, nyundo kubwa na bamba la chuma. Bamba linalazwa juu ya mstari wa waya, si pembeni. Kwa njia inayofuata ghuba ya Mikindani, anza kwenye chemba ya kwanza inayoonekana, soma GPS, gonga mara tano kwa mwendo wa sekunde moja moja, pumzika, rudia. Aliye kwenye skrini anatafuta V tano zilizopangwa na kuandika chaneli ya kilele. Ukifika chemba yenyewe, omba ifunguliwe na gusa koili kwa kidole. Chaneli kadhaa jirani zitawaka pamoja kwa umbo moja, bila mteremko, na hapo unajua koili inaanzia na kuishia chaneli gani. Zifute kwenye ramani. Ni kazi ya kuchosha juani, na hakuna programu inayoifanya kwa niaba yako. Gonga kila chemba na kila kona, kisha panga chaneli za katikati kwa kugawa.

Malori yanaweza kukusaidia kuhakiki. Lori linalokwenda kilomita 60 kwa saa huacha mstari wa mita 16.7 kwa sekunde. Mstari ukiruka mbele ghafla kisha ukaendelea, kuna koili hapo ambayo hujaiondoa.

Dalili: gari linapita, ishara ni ndogo au haipo

Kisababishi kikuu ni faiba kutoshikana na ardhi. Waya uliovutwa ndani ya bomba la plastiki lenye nafasi unasikia kidogo kuliko uliofukiwa moja kwa moja. Kwenye daraja, ukiwa ndani ya bomba la chuma, unasikia daraja lenyewe likiimba kwa upepo. Usitegemee kipande kinachovuka mto Mbwemkuru kikupe habari za udongo. Msimu nao una sehemu yake. Mvua za kusini huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili, na baada ya hapo udongo mweusi wa mbugani hupasuka na kuachia waya. Ishara ikishuka Agosti na kurudi Januari, usifungue mashine. Tiba ya kudumu ni kufukia upya na kushindilia, na hiyo ni kazi ya mwenye njia.

Cha pili ni uelekeo. Faiba husikia kuvutwa kwa urefu wake. Wimbi la msukumo linalokuja kutoka ubavuni, kwa pembe mraba, karibu haligusi kitu. Kona za njia ni hazina kwa sababu hiyo: linganisha ishara kabla na baada ya kona kabla ya kuilaumu mashine.

Cha tatu, geji. Kwenye mchanga mlegevu, kama ule wa nyanda za Wamakonde, wimbi la juu ya ardhi linaweza kwenda mita 200 kwa sekunde. Kwa 20 Hz urefu wake ni mita 10. Geji ya mita 10 italibeba lote, sehemu inayovutika na inayobanwa, na jumla yake ni sifuri. Ishara haikuwa ndogo, umeifuta mwenyewe. Jaribu geji ya mita 5 na ukubali kelele kuongezeka.

Mwisho, hakikisha unasoma kitu kinachoitwa kwa jina lake. Mashine nyingine hutoa kuvutika kwenyewe, nyingine hutoa kasi ya kuvutika. Ukilinganisha moja na nyingine, tofauti ya ukubwa itakupoteza siku nzima.

Dalili: chaneli mojamoja zenye kelele kali

Mwanga unaorudi kutoka vipande jirani wakati mwingine hujifuta wenyewe, na chaneli hiyo inabaki bila kitu cha kusoma. Huu ni ufifiaji wa kawaida wa DAS. Ukiona chaneli mbovu zinahamahama baada ya saa kadhaa, ziache. Tumia wastani wa jirani au mpangilio wa leza wa masafa zaidi ya moja kama mashine yako unao. Zisizohama ni koili, maungio mabovu, au waya unaogusana na kitu kinachotetemeka.

Dalili: ishara inaruka lori zito linapopita

Fezi inahesabika kwa uhakika ikiwa badiliko kati ya sampuli mbili halizidi nusu mzunguko. Kwa geji ya mita 10 hiyo ni kuvutika kwa takriban sehemu 34 katika bilioni. Msururu wa malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara, yakipita mita chache kutoka kwenye waya, yanaweza kuvuka kiwango hicho. Ngazi zinazobaki baada ya lori kuondoka ndizo ushahidi. Ongeza kasi ya mapigo kadiri urefu wa uzi unavyoruhusu, au fupisha geji. Kichujio hakisaidii, kwa kuwa hesabu imeshakosewa kabla ya kukifikia.

Dalili: mstari unapanda na kushuka polepole kutwa

Ni joto. Nyuzi 1 ya Selsiasi hubadilisha fezi sawa na kuvutika kwa takriban sehemu 8 hadi 9 katika milioni, yaani maelfu ya sehemu katika bilioni. Waya wa kina kifupi husikia jua la asubuhi, na pachikodi iliyo mbele ya kiyoyozi husikia kila kinapowaka. Hamisha pachikodi. Kilichobaki chuja chini ya masafa unayohitaji. Mdundo wa sekunde 5 hadi 15 karibu na ufukwe, hasa wakati wa kusi, ni bahari, si hitilafu.

Dalili: tukio halipo kwenye faili la saa iliyoandikwa

Fundi wa zamu ameandika daftarini "saa 2:10, lori lilisimama juu ya chemba." Mchambuzi aliyeko Dar es Salaam anafungua faili la 02:10 na hakuti kitu. Saa 2:10 usiku ni 20:10, na kwenye jina la faili, linalofuata UTC (saa ya kimataifa, iliyo saa tatu nyuma ya Tanzania), ni 17:10. Andika daftari kwa UTC au kwa mtindo wa saa 24, kila zamu, bila kuchanganya. Tofauti ikiwa sekunde 18 kamili, mashine inatumia saa ya GPS bila kusahihishwa, kwani tangu Januari 1, 2017 GPS imeitangulia UTC kwa kiasi hicho. Tofauti ikikua siku hadi siku, antena haioni anga.

Mapengo kwenye data kwa kawaida ni diski. Chaneli 10,000, sampuli 1,000 kwa sekunde, baiti 4 kila moja, ni megabaiti 40 kwa sekunde, karibu terabaiti 3.5 kwa siku. Diski ya kawaida ya USB itaachwa nyuma.

Acha kazi na upige simu

Kwenye mkuza wa bomba la gesi, likiwemo lile la inchi 36 kutoka Madimba kwenda Kinyerezi, usigonge nyundo, usichimbe, usifungue chemba bila kibali cha mwenye bomba na mtu wake akiwa pembeni. Chemba yoyote iliyofungwa muda mrefu huweza kuwa na gesi au hewa isiyo na oksijeni. Asiingie mtu bila kipima gesi. Faiba iliyo juu ya nguzo za umeme mkubwa ni kazi ya shirika la umeme peke yake. Mashine yenyewe usiifungue ndani. Ikiwa leza haishikilii baada ya kubadilisha umeme na kusafisha konekta, inarudi kwa mtengenezaji.

Na ikitokea kwenye mstari wa bomba kelele ya masafa ya juu imeanza ghafla mahali pamoja, haisogei, haikatiki, usitume kijana kwa bodaboda akaangalie. Piga chumba cha udhibiti cha mwenye bomba, taja umbali wa kioo na alama ya karibu kutoka kwenye ramani uliyogonga, acha mashine iendelee kurekodi, na usibadilishe mpangilio hata mmoja hadi wakuambie.